Ukoo Mmoja

Jumatatu waliniletea jogoo ndani ya mfuko wa saruji,
upanga wa kichwani umepauka kama kitambaa cha zamani.
Nikampasua: ini limevimba, rangi ya shaba,
shaba inayoelekea kijani.
Aliyemleta, mzee Betueli wa Tanangozi, hakukaa.
Alisema, "Mia mbili na arobaini. Wamebaki tisa."
Kisha akauliza kama ni kweli wapo watu
wanaorusha ugonjwa kwa macho.

Jumatano wakaja wa Kalenga,
Alhamisi mama wa Ipogolo na ndoo yenye mfuniko,
na wote, kabla ya kutaja idadi ya kuku,
walimtaja Venansia:
kuku wake ndio waliotangulia kufa,
na yeye hakulia.

Mimi sijui macho ya mtu yanarusha nini.
Najua sahani, agari, nyuzi thelathini na saba,
usiku mmoja wa kungoja
huku upepo wa Iringa ukigonga madirisha
kama mdai.
Asubuhi makoloni yameota, madogo, yanang'aa,
umande juu ya jani la kabichi.
Tone la seramu kwenye kioo. Nikatikisa.
Chembe zikashikana, zikawa mabonge kama maziwa ya mgando.
Basi, kabila nimelijua.

Lakini kabila ni jambo pana.
Nilitaka ukoo. Nilitaka nyumba, nilitaka mlango,
nani kambeba nani mgongoni, akamshusha wapi.

Nikavipasua vimelea, nikatoa vinasaba vyao,
nikavikata kwa vimeng'enya, mkasi usioonekana,
nikavilaza kwenye jeli, nikawasha umeme vikimbie.
Saa nane umeme ukakatika.
Nikatukana kwa Kihehe cha bibi yangu,
chenye maneno yanayotosha.
Nikaanza upya.

Chini ya taa ya zambarau mistari ikajitokeza.
Tanangozi: kumi na mmoja.
Kalenga: kumi na mmoja, mahali palepale.
Ipogolo vilevile, hata ule mwembamba wa chini
ambao karibu niudhanie ni uchafu wa kioo.
Na Venansia?
Tisa. Minene kwa juu, kisha pengo, kisha pengo tena.
Ukoo mwingine kabisa.
Kuku wake walikufa kifo chao.

Nusura nitoke nje nipige kigelegele.

Ila safu ya tano ilikuwa yangu.
Nilikuwa nimepitisha pamba kwenye trei ya mayai
iliyo jikoni kwangu, kwa kujaribu tu,
trei ya karatasi, kinyesi kikavu pembeni,
ile aniletayo kaka yangu Gaudensi kila Jumapili
akimaliza mzunguko wake: Tanangozi, Kalenga, Ipogolo,
anashusha tupu, anapakia zilizojaa,
pikipiki nyekundu, kicheko mlangoni, "Kamwene, daktari!"

Kumi na mmoja.
Hata ule mwembamba.

Huyu aliuza baiskeli yake nikaenda chuo.
Fomu ya ripoti haina nafasi ya hayo.
Ina sampuli, mahali, tarehe, matokeo.
Nimeandika: trei. Nimeandika: mkusanyaji wa mayai.
Kwenye jina kalamu imesimama
muda mrefu kuliko jeli ilivyokimbia.

Mzee Betueli nimempigia kwanza.
Nenda kwa Venansia, nimemwambia, nenda mchana,
watu wakuone ukiingia.

Kisha kaka. Alidhani naulizia mayai.
"Jumapili hii usilete hata moja," nikasema.
"Lete trei zote. Na mafuta ya taa."
Akanyamaza.
Nyuma yake nikasikia tetea mmoja,
mzima wa afya, akitangaza yai.